Mwanamke Aliyeimba Kitini

Mwanamke wa shali nyekundu alianza tena kuimba, na fundi akasaga meno.

Wala hakuwa akiimba kwa nguvu. Aliinamia shali yake, kidevu kifuani, midomo ikienda. Lakini fundi alikaa nyuma yake kabisa, na kila neno lilimfikia.

Jukwaani, chini ya taa, alisimama binti yake. Mchezo ulikuwa ule wa zamani ambao kila neno huimbwa, na ukumbi mdogo wa mtaa ulijaa watu wanaoujua mwanzo mwisho. Sauti ilitoka kwenye spika za ukutani, tamu, ikipanda bila kutetereka. Hiyo karithi kwangu, fundi alijiambia. Na chini yake, neno kwa neno, mnung'uniko wa huyu mama asiye na haya.

"Mama," alinong'ona, "tumekuja kumsikiliza aliye jukwaani."

Mwanamke hakugeuka. Alimpungia mkono kwa nyuma, kama anayefukuza nzi.

Yaani ananifukuza mimi?

Leo hakuwa mtu wa kuchezewa. Jumatatu alirudi kutoka karakana, macho yakimuuma kwa moto wa kuchomelea, akamkuta binti akifanya mazoezi sebuleni. "Nyamaza basi," alimfokea. "Hiyo ni sauti au msumeno?" Neno lilimponyoka tu. Kesho yake binti hakumsemesha. Akisalimiwa, aliitikia kwa kichwa. Akiulizwa, aliinamia kikombe chake cha maji moto.

"Umeona?" mkewe alimwambia. "Sasa hata mimi hanisemeshi. Kamwombe radhi."

Kuomba radhi hakukujua. Alichojua ni kuoga, kuvaa shati la pasi na kuja kumsikiliza mwanawe, kwa mara ya kwanza, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Na sasa ananyimwa hata hilo.

Waimbaji wengine walipoingia kwa kishindo, binti alikaa pembeni kupumzika. Mwanamke naye alinyamaza, akabonyeza kitu ndani ya shali, akanywa maji. Fundi akaona nafasi.

"Mama, hamia nyuma."

"Siwezi, baba. Hapa ndipo namwona vizuri."

"Unamwona ili iweje? Unamharibia."

"Niache hadi mwisho. Nimeahidi mtu."

"Mimi ndiye baba yake."

Mwanamke akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza.

"Basi kaa umsikilize," alisema. "Ndicho anachokitaka."

Angemtukana, fundi angevumilia. Lakini kufundishwa kuwa baba, na mtu asiyemjua, tena kwa sauti ya upole namna ile? Aliinuka, akaenda mlangoni alikosimama mlinzi, pande la mtu lililokodiwa kwa siku hiyo tu.

"Kuna mlevi kiti cha mbele," alisema. "Shali nyekundu. Anaimba tangu tumeanza."

Ulikuwa uongo, na ulimtoka bila hata kumkwaruza koo.

Mlinzi hakuuliza mara mbili. Alimshika mwanamke mkono. Mwanamke aling'ang'ania kiti. "Kaka, hujui unalofanya," alisema, na fundi mwenyewe akambandua vidole, kimoja kimoja. "Mpelekeni akaimbie barabarani," mtu mmoja alisema, na safu nzima ikacheka. Shali ilikuwa ya mwisho kutoka, ikiburuta sakafuni.

Jukwaani binti alikuwa amesimama ghafla, mkono kooni.

Fundi alimwinulia kidole gumba. Usijali, mwanangu. Nimeshamaliza.

Taa zikafifia, ikabaki moja tu, juu ya kichwa cha binti. Huu ndio wimbo ambao watu wote waliufuata. Piano ikapiga utangulizi. Ikaurudia. Binti alimtazama baba yake, machozi yakimlenga, na fundi akahisi kifua kinamjaa, maana mtoto hamtazami hivyo mtu ambaye hajamsamehe. Akaketi wima. Ukumbi ulikuwa kimya kabisa sasa, kama alivyotaka.

Piano ikarudia mara ya tatu. Binti akafumba macho, akafungua kinywa.

Kwenye spika zote ikasikika sauti ya mwanamke, ikitweta: "Kaka, nirudishe ndani. Wimbo umeshaanza."