Turubai la Mtaa

"Kufa kiangazi, mtani," Bi Nasma alisema, akimsukumia Mzee Uweso kijiko kingine cha uji. "Masika hii kaburi linajaa maji. Tukuzike au tukuvue?"

Mzee alicheka mpaka uji ukamtoka puani.

Ilikuwa siku ya kumi na tisa Bi Nasma anavuka vichochoro vya Nguvumali na bakuli lake, kanga imemganda mwilini kwa mvua. Asubuhi uji wa pilipili manga, jioni mchuzi wa changu. Vidonge alivisimamia mwenyewe mpaka vimezwe. Hafsa, binti wa mgonjwa, hakuachiwa hata kazi ya kupepea.

Mtaa ulishangaa. Bi Nasma huyuhuyu, aliyekabidhiwa turubai la misiba kwa kuwa ni mgumu kama kisiki? Yudith aliliomba kwa kipaimara cha mwanawe, akajibiwa turubai la msiba halichezewi ngoma. Na siku ya kuanua tanga, watu wangali na tonge mkononi, yeye keshafungua kamba, analikunja aende nalo kwake.

"Anataka kuolewa," Yudith alisema bombani.

"Na umri ule?"

"Meno ndiyo yameng'oka, mwenzangu. Moyo haung'oki."

Tena ana kifua. Masika iliyopita, mara baada ya msiba wa jirani yao Yona, kilimlaza mwezi mzima. Daktari alimwambia, bibi, kingine kama hiki hukivuki. Na bado anatembea mvuani kwa ajili ya mwanamume. Kama si mapenzi, ni nini?

"Mvua zikatike tu," alikuwa akimwambia Hafsa. "Baba yako ni wa Mola, atamchukua akitaka. Lakini zikatike kwanza."

Hazikukatika. Alhamisi, baada ya adhuhuri, Mzee Uweso alikataa kijiko. Bi Nasma akakirudisha mdomoni mara ya pili, na ya tatu. Hafsa akamshika mkono.

"Basi, bibi. Keshakwenda."

Bi Nasma alilia kumshinda mwenye baba. Akajikokota mpaka kwake, akajifungia.

Haikupita saa, Yasini wa nyumba ya pili akabisha hodi, yeye na Luka.

"Shikamoo, bibi. Pole. Tumefuata turubai."

"Marahaba. Halingoji mvua ipungue?"

"Watu wanalowa, bibi."

"Kweli," alisema. "Mtu hafai kulowa."

Akawaacha barazani, kama kawaida yake. Hakuna aliyewahi kuvuka mlango ule.

"Alimpenda, yule," Luka alinong'ona.

Ndani, Bi Nasma alikunja godoro, akapanda juu ya kitanda kitupu, akanyoosha mikono kwenye boriti, turubai lilikofungwa. Kamba ya kwanza ilipoachia, akaliona wingu kupitia matundu ya bati, na mvua ikamshukia kifuani.