Filamu Mbili za Wepukhulu

"Haki ya Mungu, hii ni kweli tupu," Wepukhulu alisema, mkono mmoja juu, kikombe chake hakijaguswa. "Nikishikwa na uongo, chai ya meza nzima ni juu yangu."

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria katika hoteli ya Phelista, pale Kanduyi. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi walikutana watatu, wote wagonjwa wa video, na Phelista akawa hakimu. Kila mmoja alisimulia filamu nzuri kuliko zote alizotazama mwezi huo, kisha ile mbaya kuliko zote. Kupamba kuliruhusiwa. Kupamba ndiyo raha yenyewe. Lakini kuchukua filamu moja ukaisimulia kama mbili, hapana. Derrick kinyozi alijaribu mwezi wa Februari, akawanunulia watu chai na mandazi mpaka akaomba msamaha.

Wepukhulu, karani mstaafu, hakuwahi kushikwa. Miaka mitatu. Aliwahi kuwaapia kwamba iko filamu ambamo farasi ndiye stelingi na mtu ndiye anayepandwa, wakamkubalia. Ni Nakhungu tu, mkewe, aliyelinda shamba lao kule Kitale, aliyekuwa akimkatiza katikati kila alipokuja Kanduyi kumtembelea: "Baba Levi, hapo umetunga."

Leo hakuna aliyemharakisha. Alikuwa Kitale mwezi mzima. Phelista alimtilia sukari bila kuuliza vijiko vingapi. Kipsang, fundi wa baiskeli, alivua viatu vyake vipya chini ya meza, maana vilikuwa bado vinambana.

"Ile nzuri," Wepukhulu akaanza. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma orodha ya bidhaa. "Haina sauti hata kidogo. Inaanza kwa mvua na matope. Kuna tuta la udongo, na wanaume wameshika majembe. Basi ule udongo unaanza kuruka wenyewe. Unarukia majembe."

"Uchawi!" Derrick alisema.

"Unaruka mpaka shimo linabaki wazi. Wanavuta kamba. Sanduku linatoka."

"Dhahabu! Hizo nazijua bana. Sasa wanaanza kuuana."

"Hakuna anayeuana. Wanalibeba mabegani. Mmoja wao ana mguu mtupu. Anafika kwenye tope, kiatu kinachomoka topeni, kinamrukia mguuni. Tap."

Derrick alicheka hadi chai ikammwagikia mapajani. "Ati kiatu! Mzee, wewe ni hatari."

Phelista pia alicheka kidogo, akajifuta macho kwa leso. Kipsang hakucheka.

"Wanalipeleka kwenye boma moja lililojaa watu," Wepukhulu aliendelea. "Wanaliweka mezani, kisha baadaye wanalipakia kwenye gari, gari linaondoka nalo. Watu nao wanaondoka mmoja mmoja. Viti vinaisha. Hema linashuka. Mwisho kabisa unaona uwanja mtupu, kuku watatu, na nguo zimeanikwa kwenye kamba. Kama hakuna kitu kilichotokea."

"Ndiyo imeisha hivyo?"

"Imeisha hivyo."

"Na dhahabu je?"

"Haikuonyeshwa."

"Unaipa ngapi kwa kumi?" Phelista aliuliza.

"Kumi. Nimeitazama mara tisa, mpaka betri ya gari inayowasha televisheni ikafa. Nikaazima nyingine kwa jirani."

Nje, mwendesha bodaboda alipiga kengele ya baiskeli, akamwita mtu, akaenda zake. Wepukhulu aliangalia utando uliokuwa ukijikunja juu ya chai yake. Tangu aketi hakuwa amepiga hata funda moja.

"Haya, na ile mbaya?"

"Ile mbaya ina kelele. Ni hotuba tu. Watu kumi na mmoja wanaongea, wa mwisho diwani, naye anajiongelea yeye mwenyewe. Wote wanamsifu stelingi. Stelingi hajibu neno, toka mwanzo hadi mwisho. Hata sura yake huioni vizuri, mpiga picha anatikisa kamera."

"Stelingi bubu?" Derrick alishangaa. "Lakini hafi, si ndiyo? Stelingi huwa hafi."

Wepukhulu alizungusha kikombe kwenye kisahani, mara moja, kikarudi pale pale.

"Halafu inanyesha," akasema. "Watu wanateleza. Jamaa mmoja anaacha kiatu chake topeni, na hageuki kukichukua, kwa sababu bega lake lina mzigo. Sifuri kwa kumi. Hiyo nimeitazama mara moja, inatosha."

Kipsang alikuwa ameacha kula muda mrefu. Aliliweka andazi lake chini, akafuta mafuta vidoleni kwa gazeti.

"Wepukhulu."

"Naam."

"Hicho kiatu cha ile mbaya. Ni cha mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Cheusi, kimefungwa kamba ya kahawia."

Wepukhulu alifikiri. "Cheusi. Ndiyo. Kamba ya kahawia."

"Na cha ile nzuri?"

Wepukhulu alikisukuma kikombe kando.

"Ndugu yangu," Kipsang akasema kwa upole, kama mtu anayetoa mwiba, "hicho kiatu ni changu. Niliondoka kwenu Kitale na kimoja. Hizi si filamu mbili. Ni kanda moja."

Phelista alibaki amesimama, birika limeinama mkononi, halimimini.

Wepukhulu alitoa noti mfukoni, akailaza mezani, akainyoosha kwa kiganja hadi mikunjo ikaisha.

"Nimeshikwa," akasema. "Phelista, wape watu chai."

Kisha, kwa sauti ile ile ya kusoma orodha:

"Ni ile ya mazishi ya Nakhungu. Lakini ukiirudisha nyuma, wanamtoa."