Ramani ya Tano

Ramani ilirudi kutoka Nairobi kwa mara ya nne. Kioko akaipasua bahasha palepale uwanjani, kabla ndege ya barua haijageuka kuondoka.

"Bwana Kioko," aliandika Bi. Kasyoka, mkaguzi wa ramani, "safari hii tena nchi nzima imekuwa samawati moja. Tafuta namba inayoharibu rangi. Je, joto la Garissa limepungua?"

Ilikuwa mwaka 1966. Kioko alichora ramani za kina cha visima: maji ya karibu, samawati hafifu, ya chini sana, samawati nzito. Rangi zilikuwa saba, zikigawanywa kuanzia kina kidogo hadi kikubwa. Kisima kimoja cha futi tisini kikiandikwa mia tisa, rangi zote hukifuata hicho kimoja, na visima vingine vinabanana kwenye rangi ya kwanza.

Mara ya kwanza kosa lilikuwa kwenye kisima cha Tarbaj. Mara ya pili, Griftu. Kila mara Kioko aliomba radhi kwa kurasa mbili: alivyohakiki namba, risasi zilivyosikika ng'ambo ya mto, jinsi alivyomaliza miezi mitano bila kusikia neno la Kikamba. Bi. Kasyoka, ambaye hakuwahi kumwona, alijibu kwa kurasa tatu.

Zaidi ya hizo, hakupata barua kutoka kwa mtu mwingine. Mwenzake wa nyumba alikuwa amehamishwa. Kila jioni kafyu ya vita ilimfungia ndani na redio, sahani moja na kikombe kimoja.

Jumatatu moja mfugaji aitwaye Kulow, aliyetoka Griftu kwa lori la mbuzi, alisimama mlangoni mwa ofisi.

"Bwana, mashine ya kuchimba maji takuja lini?"

"Ramani haijakubaliwa Nairobi, mzee."

"Ngamia yangu kumi na nne imekufa. Watoto nakunywa matope. Wallahi, hiyo ramani iko na ugonjwa gani?"

Kioko aliinamia meza.

Kulow alipoondoka, Kioko alifunga mlango, akachukua kifutio, akafuta sufuri aliyoiongeza mwenyewe asubuhi ile kwenye ramani ya tano. Ile ya Tarbaj ilimponyoka kweli. Zilizofuata aliziandika kwa makusudi, kwa sababu ramani isiyo na kosa haijibiwi.

Akapaka rangi upya. Visima vikatengana, kila kimoja na samawati yake. Alipofunga bahasha, hakutia barua ndani. Angemwambia nini?

Ndege ya barua ikaja mara mbili, ikaondoka. Hakuletewa kitu.

Wiki ya tatu, mtambo wa kuchimba maji ukaingia Garissa nyuma ya magari ya askari, ukielekea Griftu. Kioko alitoka nje kuutazama. Dereva akainama dirishani na kumpa bahasha ya Bi. Kasyoka.

"Bwana Kioko, ramani yako ilipitishwa tangu ile ya kwanza. Kosa nililirekebisha mwenyewe siku ileile. Mtambo ulikuwa ukingoja msafara wa askari tu. Sasa hii ya tano imenifikia bila kosa hata moja, na bila barua. Nimekukosea nini?"