Kambi ya Madaktari wa Makovu

Uligeuza uso. Usinibishie. Ulipita kwenye geti la hospitali ile pale Dodoma mjini, ukaona foleni ya watu waliojifunika kanga na mashuka kwenye jua kali, na ghafla simu yako ikawa na jambo la maana. Nakumbuka. Watu wa aina yako nawakumbuka wote.

Leo utatazama. Yule mwenye kanga iliyofunika mikono badala ya kichwa ni Restuta wa Haneti.

Chama cha madaktari bingwa wa kurekebisha makovu na maungo huja Dodoma mara moja kwa mwaka. Wanajitolea, wanapiga kambi, wanashona midomo iliyopasuka, wananyoosha shingo zilizovutwa na makovu, wanaondoka. Mjini watu huwaita madaktari wa makovu. Restuta alitaka vidole tu. Moto ulikuwa umeviunganisha, mikono yote miwili imekuwa rungu. Kunawa ananawishwa, ugali analishwa. Mvua za kwanza zilikuwa zimekaribia, na shamba halilimwi kwa viwiko.

"Hata mmoja," alimwambia wifi yake njia nzima. "Wakinifungulia mmoja, nitashika jembe."

Wifi, Scolastika, ndiye aliyemleta. Si mtu mbaya. Alimtilia chai kwenye kikombe walichotoka nacho nyumbani, cha Restuta peke yake, akamnywesha amejitenga urefu wa mkono.

Benchini, Mzee Methodi wa Kongwa, aliyeliwa sikio na fisi, alikuwa akiwachekesha wenzake.

"Mimi nataka sikio tu, wajukuu. Bibi yenu akinigombeza, maneno yanaingia upande huu, upande wa pili hayana pa kutokea. Yamenijaa kichwa!"

Restuta alicheka. Hata Scolastika alicheka.

Dokta Ikram, kiongozi wa kambi, alifika akachuchumaa mbele yao, akaifunua kanga. Kovu lilianza vidoleni likaishia kwenye viwiko, kulia na kushoto sawasawa, kama mtu aliyevaa glovu.

"Ilikuwaje?"

"Moto wa jikoni, daktari," Scolastika alijibu. "Wa mafiga."

"Uso haukuguswa kabisa."

"Mungu alimwachia sura."

Daktari akauliza swali analowauliza wote waliounguzwa na mafiga. "Ana kifafa?"

Scolastika aliteremsha sauti. "Anacho."

Sauti haikuteremka vya kutosha. Benchi zima lilisogea. Mama mmoja alimvuta mwanawe akampakata.

"Yuko kwenye dawa?"

"Dawa gani, daktari? Ugonjwa ule hauna dawa."

"Mama, ni kweli unacho?"

Restuta alitazama sakafu. "Ndivyo ilivyo."

Dokta Ikram alikuwa ameshaona wengi wa namna hiyo. Kifafa, mafiga, moto. Hakuuliza zaidi. Kanuni ya chama ilikuwa wazi, tena si ya ukatili: mwenye kifafa asiyetumia dawa halazwi mezani, asije akashikwa akiwa chini ya kisu. Aanze dawa, atulie, aje kambi ya mwakani.

"Mwakani," Restuta alisema. "Na kilimo, daktari?"

Daktari alikuwa ameshageukia benchi. Nafasi yake akapewa Mzee Methodi. Mzee alipita mbele yake ameinamisha kichwa.

"Mjukuu wangu, ningekuachia, lakini..."

Hakumaliza. Hakumwachia.

Tangu kambi hizi zianze nimekuwa nikisimama pale getini. Mabango ya kuwakaribisha madaktari nimeyaona. Hotuba nimezisikia, wakubwa wakipigwa picha na wagonjwa wenye bandeji. Bango la kifafa, hata moja, sijaliona. Moto unaunguza mwaka mzima, nyinyi mnapigia makofi bandeji.

Scolastika hakutaka kurudi Haneti mikono mitupu. Wakabaki kwa ndugu yao Chang'ombe, hapo hapo Dodoma, wakisubiri siku ya kliniki ya kifafa. Siku hiyo ilipofika, madaktari walikuwa wameshapanda treni kurudi Dar es Salaam, na chumba chao kimefungwa.

Muuguzi Witness ndiye aliyempokea Restuta. Walikuwa wawili tu, kwa kuwa Scolastika alikwenda stendi kuulizia gari.

"Karibu, dada. Usiogope," Witness alisema, akamshika bega. Restuta alishtuka. Alikuwa amesahau kushikwa. "Dawa zipo. Ukizimeza vizuri, mwakani wanakufungua vidole. Sasa niambie, kabla hujaanguka, huwa unasikia nini? Kizunguzungu? Harufu?"

"Sijui, dada. Bado sijaanguka."

"Hujaanguka mwaka huu?"

"Sijaanguka kabisa. Nausubiri huo ugonjwa. Wanasema utanijia tu, kwa kuwa niligusa povu la mgonjwa."

Witness aliweka kalamu chini. "Povu la nani?"

Restuta alinyoosha mikono yote miwili mbele, akaiinamisha kidogo, kama anapokea mzigo kutoka chini.

"La mwanangu, Seth. Alipoangukia mafigani, jikoni kulikuwa na watu, dada. Wote walisimama ukutani."

Inuka. Yule wa mtaani kwenu mnayemkimbia akianguka, nenda mlangoni kwake sasa hivi, umpe mkono, na watu waone.