Maganda ya Jana

"Mama, si nilikwambia ufagie!" mhandisi wa jiji alimnong'oneza mfagiaji kwa hasira. Mgeni wa wafadhili alikuwa ameshafika kiwanjani, na swali lake lilikuwa moja tu: tukiwapa fedha za bustani, nani atakuja kukaa hapa?

Mhandisi akapekua faili lake la kurasa arobaini. Mfagiaji akanyoosha ufagio.

"Sikufagia makusudi. Yale maganda ya machungwa ni ya wazee wanaokaa kwenye matofali. Karatasi za pipi, watoto. Maganda ya njugu, mafundi wa gereji, saa saba mchana. Nafagia kila siku, na kila siku wanarudi."

Mhandisi alifunga faili polepole.

Mgeni akaketi juu ya tofali. "Na wewe mama, huwa unakaa wapi?"

"Mimi nangoja benchi."