Kigoda cha Nje ya Ukuta

Timu ya kikapu ya chuo ilipofungwa nyumbani mara tatu mfululizo, na mara zote Bi Zamoyoni akiwa uwanjani, mashabiki wenzake walisema ana nuksi. Tokea hapo, mwaka mzima, alikaa kwenye kigoda nje ya ukuta wa uwanja, akizifuata mechi kwa makelele tu, na timu haikufungwa tena nyumbani.

Leo makelele yalikatika ghafla. Mshindo, kiongozi wa mashabiki, akatoka ameinamisha kichwa.

"Tumefungwa kwa pointi moja, mama. Sema kweli, ulichungulia?"

"Hata ule ufa wa ukutani sijausogelea, mwanangu."

Wakatazamana. Bi Zamoyoni akashusha pumzi ndefu, akaona aibu kutabasamu, akatabasamu hivyo hivyo, akainuka. Mshindo akainama, akakiokota kile kigoda, akatangulia nacho ndani.