Nafasi ya Bei

Pigo la tatu la shoka lilipasua mlango, na Siwema akamvuta binti yake Tunu nyuma.

"Tokeni, nyumba imeshauzwa!" alifoka Kibwana, dalali yule yule aliyekunywa chai humo ndani juzi.

"Imeuzwa bei gani? Mimi sijakubali bei yoyote!"

"Si ulisaini?" Akapenyeza karatasi kwenye ufa.

Siwema aliitambua saini yake. Juzi Kibwana alimwambia, "Bei za huku zinapanda kila siku, mama yangu. Wewe saini tu, nafasi ya bei tuiache wazi, nikipata mteja mzuri tutajaza." Naye akasaini. Sasa nafasi ile ilikuwa imejazwa bei ya banda la kuku.

"Mwizi mkubwa we! Utaniua kwanza!"

"Usinipe kazi mbili," alisema Kibwana, na wenzake wakacheka.

Shoka likarudi. Kipande cha mbao kikaruka, kikamchana Siwema kwenye paji la uso, damu ikamwingia machoni. Alipoifuta, mkono wa Kibwana ulikuwa umeshapita ufani, unapapasa komeo. Na Tunu alikuwa amesimama kando ya mlango, ameinua mchi juu ya mkono huo kwa mikono miwili.